Mama Aliyeshindwa Kuinuka: kisa cha baridi yabisi kutoka Kisumu

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, na mama huyu hakuja kwangu kwa sababu ya maumivu. Maumivu alikuwa nayo kwa miaka sita na alishayazoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Alichokuja kuniambia, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa na mjukuu wake yuko nje kwenye benchi, ni kwamba siku tatu kabla ya hapo alichuchumaa chooni akashindwa kuinuka. Choo chenyewe ni cha shimo, cha ploti, kiko Manyatta, na nje ya mlango wa mabati kulikuwa na jirani akisubiri zamu. Alijivuta kwa kushika ukuta mpaka kiwiko kikachubuka. "Nyathina," yaani mwanangu, aliniambia, "mimi ni mtu mzima. Siwezi kuitiwa watoto waje wanitoe chooni."

Ana miaka 52 na anauza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye. Mambo kadhaa ya kumtambulisha nimeyageuza hapa. Mwenyewe ameridhia kisa kisimuliwe. Ugonjwa wake ni baridi yabisi ile inayoletwa na kinga ya mwili: kinga inaugeukia utando unaozunguka viungo, utando unavimba na kujaa maji, kisha gegedu, ule mto unaofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe vinaliwa kidogo kidogo. Ulimwanzia kwenye vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, mikono ikawa migumu kila asubuhi mpaka saa nne. Alipokuja kwangu alikuwa anameza methotrekseti, dawa ya kuituliza kinga, miligramu 15 mara moja kwa wiki, foliki ya kumkinga na madhara ya dawa hiyo, na prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, miligramu 10 kila siku. Hiyo prednisoloni aliwahi kujinunulia mwenyewe kwa mwaka mzima kwenye duka la dawa, kwa sababu ilimpa nafuu ya haraka na muuzaji hakuwa na maswali mengi.

Dawa zake daktari aliziandika sawasawa. Ushauri uliofuatana nazo ndio uliomponza. Alipogunduliwa aliambiwa apumzike, asichoshe viungo, na nyumbani wakaupokea ushauri huo kwa moyo mmoja. Watoto walimpokonya ndoo, ufagio na sufuria ya ugali. Akaanza kupanda boda kwenda na kurudi sokoni. Sokoni akaketi kutwa nzima kwenye kiti cha plastiki, na msichana wa meza ya jirani ndiye aliyewapimia wateja wake gorogoro. Kila mtu alimfanyia wema, miaka sita mfululizo.

Jina la ugonjwa nalo lina lawama yake. Baridi yabisi, yaani baridi na ukavu: ni jina la tiba ya kale iliyotufikia kupitia pwani na lugha ya Kiarabu, ambamo kila maradhi yalihesabiwa kuwa ya joto au ya baridi, ya unyevu au ya ukavu, na dawa ikawa kinyume chake. Ukishauita ugonjwa "baridi", mgonjwa anajifunika, anakwepa maji na upepo, anakaa karibu na jiko asitikisike. Mama huyu alikuwa amevaa soksi mbili mbili, Kisumu, mwezi wa pili, jua la kupasua mabati. Nilipomwekea kiganja gotini, goti lilikuwa la moto kuliko mkono wangu. Ugonjwa huu ni wa mwako, na mwako huo hauishii kwenye kiungo. Unasafiri na damu mwili mzima.

Nilimpima kwa kiti, saa ya simu na futi ya fundi cherehani. Zoezi la kiti ni jepesi kulieleza: kiti cha sentimita 45, mikono imekunjwa kifuani, unasimama na kukaa mara tano. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana upya mwaka 2019 jinsi ya kuitambua sarkopenia, yaani kupungua kwa nguvu na wingi wa misuli, waliweka mpaka wa sekunde 15. Ukiupita, nguvu zako zinatiliwa shaka. Mama hakuweza kusimama hata mara moja bila kujisukuma kwa mikono. Nikakunja blanketi mbili nikaziweka juu ya kiti, kikafika sentimita 52. Hapo alisimama mara tano kwa sekunde 34, na mara ya tano alirudi kitini kwa kishindo, kama gunia lililoachiliwa.

Kwao wanamwambia amenona, kumbe kupumzika kumemkubali. Mizani ilisema kilo 71, zile zile za miaka miwili iliyopita, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini nilipomshika paja nikamwambia alikaze, chini ya mafuta laini nilihisi msuli mwembamba, wa kamba kamba. Huu ndio mtego wa ugonjwa huu. Msuli unaondoka, mafuta yanakuja kukaa mahali pake, na mizani haina habari. Si jambo jipya: daktari Mwingereza James Paget alieleza kunyauka kwa misuli kwa wenye maradhi ya viungo tangu mwaka 1873. Hata hivyo mpaka leo kliniki nyingi zinapima uzito wa mgonjwa wa baridi yabisi, zinaandika namba kwenye kadi, na kumwita anayefuata.

Basi ni nani aliyeiba misuli ya mama? Kwa hesabu yangu wezi walikuwa wanne. Wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Kinga inapowaka hutuma ujumbe wa kemikali, saitokini, na mmoja wao uitwao TNF huuamuru msuli ubomoe protini zake upesi kuliko unavyozijenga. Wa pili ni prednisoloni. Dawa hii ina heshima yake: Philip Hench na wenzake walipoanza kutumia kotisoni, ndugu yake mkubwa, katika Mayo Clinic huko Marekani mwaka 1948, mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea alitembea baada ya siku chache, na mwaka 1950 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Simlaumu mama kwa kuipenda. Lakini ikimezwa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu hudhoofisha hasa misuli ya nyonga, mapaja na mabega, yaani ile ile ya kuinukia chooni. Wa tatu ni kiti cha plastiki.

Wa nne alinipandisha hasira kidogo. Nilimuuliza anakula nini. Ugali, sukuma, chai. Na omena? Akacheka. Miaka mitano hajaonja omena wake mwenyewe! Kuna mtu alimwambia viungo vikiuma ni gauti, na mwenye gauti haruhusiwi nyama, maharagwe wala omena. Kuuma viungo na gauti kwetu vimekuwa kitu kimoja. Ukilalamika goti, hata kondakta wa matatu atakukataza nyama choma. Gauti ni chumvi za asidi ya yuriki zinazoganda kwenye kiungo, na huko kweli omena ana la kujibu. Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine. Mama alikuwa anakaa kutwa mbele ya rundo la protini, maana zaidi ya nusu ya uzito wa omena wakavu ni protini, na jioni anarudi nyumbani kwa ugali na sukuma. Kwa uzito wake, na figo zake zikiwa nzima (zilipimwa), alihitaji gramu 70 hadi 85 za protini kwa siku. Sidhani alikuwa anafika 40.

Mazoezi hayakuanza siku hiyo, na sehemu hii naomba wenzangu wa fiziotherapia wasiiruke. Udhaifu wa mapaja una sababu nyingi, na mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na ugonjwa mwingine juu yake: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini D, au ugonjwa wa misuli yenyewe. Nilimrudisha kwa daktari wake na barua. Damu ikapimwa, moyo ukasikilizwa, presha ikapimwa, kwa kuwa mwako wa muda mrefu huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwongozo wa Ulaya unashauri hatari ya kawaida izidishwe mara moja na nusu kwa wagonjwa hawa. Magoti yakapigwa eksirei. Shingo pia.

Shingo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza kano zinazoshika pingili mbili za juu kabisa za uti, mpaka pingili moja ikawa inateleza juu ya nyingine na kuzibana neva zinazopita ndani ya uti wa mgongo. Dalili zake ni maumivu ya kisogo, ganzi mikononi, miguu isiyotii. Na huyu ni mwanamke wa Kibuye: tangu utotoni anabeba kwa kichwa, ngata chini, karai juu. Picha ya shingo iliyoinamishwa haikuonyesha pingili kuteleza, na daktari akaturuhusu tuendelee. Hata hivyo nilimwomba karai lishuke kichwani. Alinitazama kwa muda. "Daktari, mikono haishiki, na kichwa unakikataza. Nibebe kwa ulimi?" Tulimaliza na mkokoteni wa kijana wa sokoni, shilingi hamsini kwa safari.

Kwa nini basi nimpe uzito mtu ambaye viungo vyake vinawaka? Hofu ya zamani, ambayo nami nilifundishwa nayo, ni kwamba mzigo utamaliza gegedu. Uholanzi waliijaribu hofu hiyo. Mwaka 2003 walitoa matokeo ya wagonjwa 309 wa baridi yabisi. Nusu yao walifanya mazoezi makali mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara, kwa miaka miwili. Uwezo wao wa kufanya kazi uliongezeka, na viungo vidogo vya mikono na miguu havikuharibika upesi kuliko vya wale wengine. Wasiwasi ulibaki kwa waliokuwa tayari na magoti, nyonga au mabega yaliyoharibika sana. Hao wanataka uangalifu. Ndiyo maana nilitaka eksirei ya magoti. Ya mama yalikuwa na uvimbe, lakini gegedu lilikuwa bado lipo. Mwaka 2009 watafiti wa Wales nao walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii wakinyanyua uzito unaoongezwa hatua kwa hatua kwa wiki 24, msuli uliopotea unarudi. Walipowafuatilia miaka mitatu baadaye, wengi wakiwa wameacha, msuli ulikuwa umeondoka tena.

Kuna na jambo la pili, ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika kazi hii. Msuli ukifanya kazi hutoa kemikali zake kwenye damu, ambazo Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen na wenzake waliziita maiokini. Mojawapo ni intalukini-6, ile ile inayolaumiwa kwa kuchochea mwako. Ikitoka kwenye msuli unaofanya kazi, bila TNF ubavuni mwake, hufanya kinyume: inaita kemikali zinazotuliza. Mwaka 2003 kundi hilo lilichapisha jaribio la wanaume wenye afya waliodungwa sumu kidogo ya bakteria. Waliokuwa wamepumzika TNF yao ilipanda. Waliokuwa wameendesha baiskeli karibu saa tatu haikupanda. Nalisimulia kwa furaha, ila najizuia: vijana wazima juu ya baiskeli si mama wa miaka 52 mwenye magoti ya moto, na hakuna baiskeli inayofanya kazi ya methotrekseti. Nilimwambia hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu namjua mtu aliyetupa dawa baada ya kusikia kwamba "mazoezi ni dawa".

Vifaa vilikuwa mtungi wa plastiki wa lita 5 uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia, leso moja, kiti, na tofali la zege. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hakuna chumba cha mazoezi mjini chenye uzito ulio sahihi kuliko huo. Nilichora mistari ubavuni mwa mtungi kwa rangi ya kucha, lita baada ya lita. Vidole vyake havikuweza kushika mpini kwa muda, kwa hiyo leso ilipitishwa kwenye mpini, ikafungwa, ikaning'inizwa kwenye mkunjo wa kiwiko, kama mtu anavyobeba mkoba. Hapo aliweza kuvuta mtungi juu kwa mgongo na bega bila kukiudhi kifundo cha mkono. Kwa miguu: kusimama kutoka kwenye kiti chenye blanketi, mtungi umekumbatiwa kifuani, kupanda na kushuka tofali, kuinuka kwa vidole vya miguu huku ameegemea mlango. Kwa kifua alisukuma ukuta kwa vigasha, si kwa viganja. Seti tatu za mara nane, Jumanne na Ijumaa, mbali na Jumapili ambayo ni siku kubwa ya Kibuye. Alasiri, kamwe si asubuhi, maana asubuhi mwili wake haujafunguka.

Hapa naingia kwenye kosa langu. Wiki tatu za kwanza nilimlea kama yai. Lita mbili, kisha lita mbili tena, kisha lita mbili. Nilikuwa nikiuona uso wake umekunjamana nasema "basi, inatosha". Wiki ya nne nikampima: sekunde 33. Miguu haikuwa imeambiwa kitu. Nikiwa najiandaa kusema neno la kumfariji, mjukuu, kijana wa darasa la saba ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu, akasema, "Lakini Dani juzi alibeba mtungi umejaa." Dani ni bibi. Mama akamkazia macho. Ikabainika kwamba siku moja alichoka kucheza na maji kidogo, akamwagiza mtoto ajaze mpaka shingoni. Alifanya mara sita, akatetemeka, akalala vizuri, na kesho yake hakuna kiungo kilichovimba. Hakuniambia kwa kuogopa kwamba nitamkaripia.

Tangu siku hiyo kanuni ikawa moja: katika mara nane, mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Nilimuuliza ugumu kati ya sifuri na kumi. Chini ya sita tunaongeza maji, au tunatoa blanketi. Akiweza mara kumi kwenye seti ya mwisho kwa siku mbili mfululizo, anapanda ngazi. Kuhusu maumivu tulikubaliana hivi: ya kuvumilika wakati wa zoezi, hadi tano kwa kumi, tunayaachia, mradi kesho yake asubuhi kiungo kiwe kama kilivyokuwa. Kikiamka kimevimba zaidi, dozi ilikuwa kubwa, tunarudi hatua moja nyuma. Wiki ya saba mtungi wa lita 5 ulimwishia, akaazima wa lita 10. Kuna wiki mifereji ya Manyatta ilikauka siku nne na maji ya mazoezi yakaingia kwenye sufuria ya ugali. Siku hizo mzigo ulikuwa mfuko wa omena, na harufu ilibaki kwenye leso.

Kutembea lilikuwa jambo la mkato. Boda ya kwenda aliibakiza, ya kurudi tukaifuta: nusu saa hivi, jioni jua likishapoa, kwa mwendo ambao anaweza kuongea na mtu lakini hawezi kuimba. Siku tano za kutembea zinampa dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wiki katika mwongozo wake wa 2020, hata kwa wenye maradhi sugu. Hela ya boda aliyookoa ilinunua mayai.

Wiki ya kumi na moja akanipigia simu kutoka Siaya. Alikuwa amekwenda kwao matangani, siku nane, akipikia waombolezaji, akilala kwenye mkeka. Methotrekseti yake ya Jumatano aliisahau Kisumu, ya Jumatano iliyofuata pia ikampita. Goti la kulia lilikuwa limevimba, la moto, haliwezi kukunjwa. Swali lake lilikuwa kama aendelee na mtungi.

Mtu mwingine angempa barafu na maneno ya kumtia moyo. Goti moja peke yake, la moto, kwa mtu anayemeza dawa za kushusha kinga, linaweza kuwa na usaha ndani, na homa inaweza isionekane kwa sababu prednisoloni inaificha. Bakteria ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache tu. Nilimwambia apande gari siku hiyo hiyo, asingoje mazishi. Akalia, kwa sababu marehemu alikuwa dada wa mama yake na kuondoka kabla ya kuzika si jambo dogo kwao. Alikuja. Maji ya goti yalivutwa kwa sindano yakapimwa: hakuna bakteria. Ulikuwa mfumuko wa ugonjwa wake wa kawaida, mwili uliokosa dawa mara mbili. Daktari akamrudishia methotrekseti na kutuliza goti.

Kwa mama, siku kumi na mbili goti hilo halikukunjwa kwenye zoezi lolote. Alikaza msuli wa paja mguu ukiwa umenyooka, anahesabu sita, analegeza, mara kumi. Sehemu nyingine za mwili ziliendelea na ratiba yake: mgongo, mabega, mguu wa kushoto. Aliona ajabu. Alizoea kwamba kiungo kimoja kikiugua, mtu mzima analala. Alipoanza tena kiti tulirudi kwenye lita nne, na baada ya wiki tatu akawa alipokuwa kabla ya matanga.

Wiki ya 24 nilitoa tena kiti, sentimita 45, bila blanketi, mikono kifuani. Sekunde 13. Paja la kulia liliongezeka sentimita mbili na nusu kwa futi ya fundi, la kushoto karibu tatu. Uzito: kilo 71! Aliudhika kwelikweli, akasema mizani yangu ni ya wizi kama ya madalali. Nilimweleza kwamba zile kilo si zile. Mafuta yametoka, nyama imeingia. CRP, kipimo cha mwako kwenye damu, ilishuka kutoka 34 hadi 9. Ningependa kuipa mitungi ya maji sifa hiyo yote, lakini katika miezi hiyo hiyo alianza kumeza dawa zake bila kuruka, ukiacha yale matanga, na alikuwa anakula. Siwezi kuwatenganisha. Nguvu za miguu nazidai, maana hakuna kidonge chake hata kimoja kinachojenga paja. CRP namwachia daktari. Yeye ndiye aliyeanza kushusha prednisoloni pole pole, miligramu kidogo kila baada ya wiki kadhaa, hadi tano. Mama alikatazwa kabisa kuikatisha kwa ghafla, kwa kuwa tezi za mwili zilizolala miaka yote hiyo hazishtuki kwa siku moja.

Vidole havikunyooka. Vile vilivyokwisha kupinda vimebaki vilivyo, na kushika kwake bado ni kwa mashaka. Gorogoro analishika kwa mikono miwili. Nilimtengenezea kibano cha kifundo cha mkono, akakivaa siku mbili, akakirudisha kikinuka samaki, akasema hawezi kuvaa kitu kisichofulika. Ana haki. Natafuta cha kufulika.

Chooni hajakwama tena. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama alivyonieleza mara ya kwanza, naye akajibu kwa sauti ya soko zima, mlango ukiwa wazi.

Desemba anakwenda tena Siaya, siku kumi. Vidonge vya Jumatano mbili vimeshafungwa kwenye pindo la leso. Mtungi hatabeba. Kwao, anasema, kuna mawe ya kila saizi, na mjukuu ameshapewa kazi ya kuyapima.